MSAFIRI NA MZIGO WAKE

Mtu apendaye kujifunza tabia za wanadamu na aamke alfajiri moja aende katika Kituo cha Mabasi cha Magufuli, pale Mbezi, Dar es Salaam, akae kitako kwa muda wa nusu saa tu na kutazama. Atamwona mzee mmoja aliyevaa shati safi, mkononi ana mfuko mmoja, naye amekwisha kuketi mahali pake akingoja gari liondoke. Kisha atamwona kijana mwenye nguvu akikimbia huku na huku, jasho linamtiririka. Ana masanduku mawili, gunia, ndoo yenye kifuniko na godoro lililokunjwa. Anagombana na mchukuzi kwa ajili ya ujira, anagombana na utingo kwa ajili ya nafasi, na tiketi yake hajui aliitia katika mfuko upi. Na ukiwauliza, utaona kwamba mara nyingi wote wawili wanakwenda mji mmoja, kwa siku tano zile zile.

Leo twaandika juu ya mzigo wa msafiri. Wako watakaosema ya kwamba hili ni jambo dogo lisilostahili nafasi katika ukurasa huu. Sisi hatuoni hivyo. Mfanyakazi wa nchi yetu ni msafiri: huenda likizo kwao, huhamishwa kikazi, hutumwa mkutanoni, huitwa msibani, huenda kuuguza na kuoza. Fedha yake si nyingi, na siku zake za ruhusa huhesabiwa. Kila shilingi anayomlipa mchukuzi kwa kitu asichokihitaji ni shilingi iliyotolewa kinywani mwa watoto wake, na kila saa anayopoteza akitafuta karatasi chini ya sanduku ni saa isiyorudi. Tena mzigo wa mtu mmoja haumwelemei yeye peke yake, kama tutakavyoonyesha mbele.

MIZIGO MITATU ISIYOONEKANA

Tumejiuliza mara nyingi kwa nini mtu mwenye akili timamu hujitwisha vitu vingi hivyo. Twaona ya kwamba kabla hajatia nguo ya kwanza sandukuni amekwisha kupakia mizigo mitatu isiyoonekana kwa macho.

Mzigo wa kwanza ni woga. Huenda mvua ikanyesha, huenda baridi ikawa kali, huenda sabuni isipatikane. Naye akikemewa hujibu kwamba akiba haiozi. Ni kweli, lakini akiba inayosifiwa na wahenga ni ile ya ghalani, inayokaa mahali pamoja ikimngoja mwenyewe. Akiba ya safarini hubebwa mabegani. Na wahenga wale wale walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba: soksi moja ya ziada si kitu, kitabu kimoja si kitu, kopo moja la mafuta si kitu, lakini visivyo kitu vikikutana ishirini, sanduku halifungiki.

Mzigo wa pili ni fahari. Msafiri ataka watu wa kwao waone kwamba mjini hakukaa bure, kwa hiyo lazima avae nguo mpya kila siku, na viatu jozi tatu. Watu wa kwao, kwa kweli, wanataka kumwona yeye. Hatujapata kusikia kwamba mama mzazi alihesabu mashati ya mwanawe.

Mzigo wa tatu ni haya. Habari ya safari ikienea mtaani, jirani huja na kifurushi, binamu huja na boksi, na rafiki wa kazini huleta gunia akisema, “Ndugu yangu, si kitu hiki, mtu wangu atakungoja stendi.” Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yeye haoni uzito wake. Nawe kwa haya huwezi kukataa, ukaondoka kama punda wa kijiji kizima.

WAZEE WA NJIA

Nchi hii ina elimu ya zamani juu ya jambo hili. Kabla ya reli, ambayo ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, karibu bidhaa zote zilizokwenda na kutoka bara zilipita juu ya mabega ya watu. Wapagazi, na hasa Wanyamwezi walioheshimiwa kwa kazi hiyo, walikwenda kwa miguu kati ya Bagamoyo na Tabora, na mbele hadi Ujiji. Mzigo wa mtu mmoja ulijulikana: ulikuwa ratili 60 hata 70, yaani kama frasila mbili, nazo ni kilo 27 hata 32. Mizigo ilipimwa kabla ya safari, maana aliyezidishiwa siku ya kwanza aliuchelewesha msafara mzima siku ya kumi.

Na namna walivyofunga yafaa tuikumbuke. Nguo za biashara, merikani na kaniki, zilikunjwa na kuviringishwa kwa nguvu mpaka zikawa kama mto mrefu, zikavikwa mkeka na kukazwa kwa kamba. Fito zilifungwa ubavuni zikatokeza upande mmoja, ili wakati wa mapumziko mzigo uegemezwe mtini usiguse ardhi yenye unyevu. Mzigo huo uliitwa mtumba, na neno hilo lingali nasi, ingawa leo watu husikia mitumba wakafikiri nguo kuukuu tu. Juu ya mtumba wake mpagazi aliongeza vitu vyake mwenyewe: mkeka wa kulalia, chungu, na chakula kidogo. Basi. Mtu aliyekwenda kwa miguu miezi mitatu alikuwa na vitu vichache kuliko sisi tuendao kwa basi siku moja.

Lakini mfano ulio mkubwa kuliko yote ni ule wa watu waliokuwa na David Livingstone. Alipokufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, watu wake walikuwa mbali mno na pwani, hawana mkubwa tena wa kuwaamuru. Susi na Chuma, waliowaongoza, hawakuanza kwa kukimbia wala kugawana. Masanduku ya marehemu yalifunguliwa mbele ya watu wote, ili kila mmoja awe shahidi, na Jacob Wainwright, kijana aliyejua kuandika, akaorodhesha vitu vilivyomo kimoja kimoja katika daftari. Mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Methali hiyo waliitimiza porini, katika saa ya msiba.

Kisha waliukausha mwili, wakauvika nguo, wakautia ndani ya gome la mti, wakaufunika kwa kitambaa cha tanga na kuufunga kwenye mti wa kuchukulia, wakaanza safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Walipokwisha kupita Unyanyembe, wenyeji wa njiani walikataa maiti isipite katika nchi yao. Wale watu walifanya shauri la siri. Waliviringisha mabua wakayafanya kama maiti, wakatuma wenzao warudi nayo kama kwamba wanakwenda kuzika. Na mwili wenyewe wakaufungasha upya kwa umbo la mtumba wa kawaida wa biashara, ukapita mbele ya macho ya watu wote asijue mtu. Walifika Bagamoyo mwezi Februari mwaka 1874, miezi tisa na zaidi tangu siku ya msiba, wakiwa na mwili ule pamoja na daftari za marehemu, na tarehe 18 Aprili mwaka huo huo akazikwa London katika kanisa la Westminster Abbey. Ulimwengu wakati ule ulimsifu sana aliyebebwa, na waliombeba ukawasifu kidogo. Sisi twasema kwamba ufundi wa safari, yaani kuorodhesha, kufungasha na kujua kila kitu kiko wapi, ulikuwa wao.

KOSA LETU WENYEWE

Isidhaniwe ya kwamba twahubiri kama watu wasiokosa. Shuleni, katika bweni la misheni, tulifundishwa sawasawa. Kila mwanafunzi alikuwa na sanduku moja la bati, na ndani ya kifuniko ilibandikwa karatasi yenye orodha: shuka mbili, blanketi moja, sare jozi mbili, sahani, kikombe, kijiko. Jumamosi mwalimu alipita na kusoma orodha, nasi tukiinua kila kitu juu akione. Kitu kisichoandikwa kilirudishwa nyumbani. Tuliona kuwa ni ukali usio na maana.

Tulipopata mshahara tulisahau yote. Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa habari ya kufiwa na mjomba, ndugu yake mama, aliyetulipia karo tangu darasa la kwanza. Mazishi yalikuwa siku ya pili yake, saa kumi alasiri. Badala ya kuchukua mfuko mmoja na kuondoka, tulifunga sanduku kubwa: suti, viatu vya kung’aa, blanketi la pili, na zawadi tulizonunua harakaharaka. Mahali pa kubadili magari, sanduku letu lilikuwa ndani kabisa ya buti, nyuma ya magunia ya watu wengine. Tulisimama pale tukingoja magunia yashushwe moja baada ya moja, huku macho yetu yakiliona gari dogo la kwenda kijijini likijaa, likiwasha moto, likiondoka. Jingine lilipatikana baada ya saa tatu.

Tulifika kaburi limekwisha kufukiwa, na watu wameketi chini ya miembe. Mkaza mjomba alitupokea kwa upole, akatupa mkono, akasema, “Tulikusubiri, baba. Jua halikusubiri.” Hakusema zaidi. Suti ile hatukuivaa. Usiku, tulipofungua sanduku, hatukuona ndani yake kitu hata kimoja ambacho tungekikosa.

KANUNI CHACHE

Kwa hiyo haya tunayoyaeleza yamepatikana kwa gharama.

Kwanza, andika. Siku mbili kabla ya safari, chukua karatasi uandike vitu vyote unavyotaka kuchukua, kisha vitandaze juu ya mkeka uvione kwa pamoja. Kiulize kila kimoja: nitakutumia siku gani, na kwa kazi gani? Kile chenye siku yake na kibaki. Kile kinachojibu “huenda” na kirudi kabatini. Orodha yenyewe ifuate safari, maana siku ya kurudi ndiyo itakayokuambia kama umeacha kitu.

Pili, hesabu nguo kwa sabuni wala si kwa siku. Mtu mwenye suruali mbili, mashati matatu na kipande cha sabuni anaweza kusafiri wiki moja au wiki tatu kwa mzigo ule ule, maana nguo iliyofuliwa jioni huvaliwa kesho kutwa. Viatu vizito vivae miguuni. Sandukuni tia ndara tu. Na mama zetu walituachia vazi lisilo na mfano: kanga, au kikoi kwa wanaume. Hufunika wakati wa baridi, hukausha mwili, hutandikwa kitandani, humbeba mtoto, huwa pazia na huwa furushi. Kitu kimoja chenye kazi sita kina thamani kuliko vitu sita vyenye kazi moja moja.

Tatu, panga kama mpagazi. Nguo ziviringishe kwa nguvu badala ya kuzikunja tu; hazitachukua nafasi kubwa na hazitakunjamana sana. Ndani ya viatu tia soksi. Vitu vizito viwe chini karibu na magurudumu, au karibu na mgongo kama ni shanta. Kitakachohitajiwa kwanza kitiwe mwisho. Na kila kitu kikipewa mahali pake, kisihamishwe mpaka siku ya kurudi, ili hata taa zikizimika mkono uende wenyewe.

Nne, uwepo mkoba mdogo usioachana na mwili wako hata unapolala. Humo mtakaa kitambulisho, tiketi, dawa unazotumia kila siku, miwani, simu na waya wake, chakula kidogo na maji. Nakala za hati zikae katika mzigo mwingine. Fedha zisikae pamoja zote. Zigawe mahali pawili, ili mwizi akikuta moja nyingine ikupeleke nyumbani. Aendaye nje ya nchi atazame pasipoti yake mapema, kwa kuwa nchi nyingi hudai iwe na miezi sita ya uhai, na asisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho tangu mwaka 2016 hudumu maisha yote ya mwenye nacho. Mjumbe wa mkutano naye apange karatasi zake kwa utaratibu wa ajenda. Tumewaona wajumbe wenye maneno mazuri wakinyamaza kwa sababu hesabu zao zilikuwa sandukuni, na sanduku lilikuwa hotelini.

Tano, jua sheria za chombo unachopanda. Katika ndege, mashirika mengi humruhusu abiria wa daraja la kawaida sanduku la kilo 23, na anayezidisha hulipa. Tangu mwaka 2006 viwanja vingi vya ndege haviruhusu kuingia na chupa ya maji au mafuta inayozidi mililita 100 katika mzigo wa mkononi. Betri ya akiba ya kuchajia simu huchukuliwa mkononi, kamwe haitiwi katika sanduku linalokwenda chini ya ndege, kwa sababu ya hatari ya moto. Treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma mwaka 2024 haimngoji mtu anayefunga gunia. Na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Basi kikapu cha ukindu tulichokidharau kimerudi katika heshima yake.

Sita, zawadi. Hatusemi mtu aende mikono mitupu; mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini zawadi na iwe moja, nzuri, na isiyopatikana huko uendako. Kuna maana gani kubeba mchele kwenda Kyela, ndizi kwenda Bukoba, au dagaa kwenda Kigoma?

Ama vifurushi vya watu, jifunze kusema hapana kwa adabu. Mwambie ndugu yako kwamba nafasi uliyo nayo ni ya barua na dawa tu. Na kama ni lazima uchukue, afungue mbele yako uone kilichomo, hasa ukivuka mpaka. Wako waliofungwa katika nchi za watu kwa vitu ambavyo hawakuvifunga wao. Anayekasirika kwa kuombwa afungue kifurushi amekwisha kukupa jibu.

MZIGO WANGU, BAHARI YETU

Tulisema kwamba mzigo wa mtu mmoja haumwelemei yeye peke yake. Twataka kumalizia hapo.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kikitoka Bugolora, Ukerewe, kwenda kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati, nchi kavu inaonekana, na watu wa ufukoni wakitazama. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Hatusemi kwamba furushi la mtu fulani ndilo lililokizamisha. Wajibu wa kwanza ni wa wale wanaosimamia chombo na kuruhusu kiondoke, na wajibu huo usihamishiwe juu ya maiti. Lakini chombo hakijui kusoma vyeo wala tiketi. Kinajua uzito tu. Kila mara sisi abiria tunapomsihi nahodha aongeze mtu mmoja na gunia moja, au tunapomwonea mtumishi anayetukatalia, tunajaribu kujadiliana na maji.

Hali ni hiyo hiyo barabarani. Sanduku lililowekwa katika njia ya katikati ya basi ni ukuta siku ya moto. Kapu lililopakatwa juu ya kiti ni nafasi ya mzee aliyesimama. Kwa sababu hiyo twasema ya kwamba kupunguza mzigo ni sehemu ya uungwana wa safari, sawa na kumpisha mgonjwa.

Tunajua kwamba wako wasioweza kusafiri wepesi. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, mgonjwa anayekwenda hospitali kubwa na ndugu zake, mwanafunzi anayekwenda bwenini na godoro lake: hao mizigo yao ni ya lazima, na maneno yetu hayawahusu. Yanatuhusu sisi wengine. Msafiri mwenye mfuko mmoja ana mkono mmoja mtupu, na katika kila kituo cha nchi hii hakukosi mtu anayeuhitaji mkono huo: wa kumshika mtoto anaposhuka, wa kumwinulia bibi kikapu chake, wa kufungua mlango.

Basi, ndugu msomaji, jioni utakapofunga mzigo wa safari yako ijayo, uinue kwa mkono mmoja utembee nao mpaka mlangoni na kurudi. Ukiona umekuelemea nyumbani kwako, ujue njia haitaupunguza. Ufungue, utoe kitu, uufunge tena. Kisha ulale mapema. Gari huondoka alfajiri.